Pampu ya petroli inayogonga chini ya kiti cha mama

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 saluni ya mwaka 1977, injini ya lita 2 ya kabureta, niliyoachiwa na marehemu baba. Alikuwa nayo tangu enzi za kazi yake kwenye mashamba ya mkonge Muheza. Mwaka jana pampu ya mafuta ya kwenye injini ilipasuka dayaframu (ngozi laini iliyo ndani yake), fundi mmoja wa hapa mjini Tanga akanifungia pampu ya umeme, ile ndogo ya mchemraba, kwa bolti mbili chini ya sakafu, usawa wa kiti cha nyuma. Gari linawaka vizuri, ila kelele! Tak-tak-tak-tak muda wote, na huzidi tangi likishuka chini ya robo au ninaporudi kutoka Muheza adhuhuri. Mama yangu, ambaye kila mwezi nampeleka kliniki Bombo, ndiye anayekaa nyuma, na anasema ni kama mtu anabisha hodi kutoka chini ya kiti. Niliizungushia kipande cha godoro, ikatulia siku mbili, sasa imerudi kwa ukali zaidi. Nifanyeje? Msomaji wa Chumbageni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Kabla hujasoma mengine, nenda ukatoe hicho kipande cha godoro. Leo, usingoje Jumamosi. Sponji hunywa petroli kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa, na humo ulimoizungushia mna waya, mna koili inayopata joto, na eksozi haiko mbali. Kiungo kimoja cha mpira kikianza kuvuja, matone hutayaona chini ya gari. Yatajikusanya humo humo, chini ya kiti anachokalia mama yako. Isitoshe, umeinyima pampu upepo wa kuipoza. Huenda hiyo ndiyo sababu imerudi kwa ukali: pampu ikipata joto, petroli iliyo ndani yake hugeuka mvuke, na pampu inayosukuma mvuke haina uzito wa kuizuia, inagota patupu.

Sasa tuje kwenye kelele yenyewe. Katika barua yako mna kelele mbili, nawe unazisikia kama moja. Ya kwanza ni kugonga kwa kawaida kwa pampu, ambako bodi ya gari inakukuza. Ya pili ni kilio cha pampu yenye kiu. Ile ya kwanza ni usumbufu tu. Ya pili ni habari, na ni habari unayoihitaji. Ukizifunika zote pamoja utazima habari hiyo, na siku moja pampu itakufa njiani bila wewe kujua kwamba ilikuwa inaugua. Ndiyo maana nitakuomba ufanye kazi hii kwa mpango ambao mafundi wengi huugeuza: kwanza iponye kiu, kisha ndipo uining'inize kwenye raba.

Pampu ya zamani ya 504 yako ilikuwa ikiendeshwa na kamshafti, mhimili wa injini unaofungua vali. Kamshafti inasukuma mkono, mkono unavuta dayaframu, na vyote hivyo vimeshikamana na injini nzito ambayo nayo imekaa juu ya raba zake. Sauti yake ilizama ndani ya sauti ya injini, kwa hiyo baba yako huenda hakuwahi kuisikia. Pampu ya mchemraba hufanya kazi vingine. Ndani yake mna pistoni ndogo ya chuma na springi. Koili ikipata umeme inaivuta pistoni na kuibana springi. Umeme unakatika, springi inairudisha pistoni, na katika kurudi huko petroli inasukumwa kwenda mbele. Kila mwendo una mwisho wake, na kwenye kila mwisho chuma kinagota. Hiyo ndiyo tak yako.

Jambo la kushika hapa ni hili: kinachosukuma petroli ni springi, na springi ina kikomo. Kabureta ikishajaa na sindano ya boya, ile inayofunga mlango wa petroli, ikaziba, presha inapanda kwenye bomba hadi springi inashindwa, pistoni inangoja, vipigo vinakuwa vya mbali mbali. Kwa hiyo pampu ya aina hii ikiwa nzima, na ikifanya kazi mahali pazuri, ina mwendo wake. Ukizungusha ufunguo bila kupiga stata, inagonga mbio mbio kwa sekunde chache, kisha inapoa, unasikia kipigo kimoja kimoja. Wenye Morris Minor wanaufahamu mwendo huo kupitia pampu za SU: tik-tik-tik, kimya, ndipo unapiga stata. Wewe umeandika "muda wote". Maneno hayo mawili yamenisumbua kuliko kelele yenyewe, kwa sababu pampu isiyopunguza mwendo ni pampu ambayo haijapata kujaza presha mbele yake. Ama inavuta hewa pamoja na petroli, ama inavuta mvuke, ama kabureta inapitisha kupita kiasi.

Na umenipa dalili mbili nyingine bila kujua. Huzidi tangi likiwa chini ya robo. Huzidi adhuhuri. Hizo zote zinaelekeza upande wa kuvuta.

Pampu ya umeme ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Tangi likijaa, uzito wa petroli wenyewe unaisaidia kufika kwenye pampu. Likishuka, pampu iliyofungwa juu ya usawa wa mafuta inalazimika kuyanyanyua kwa kunyonya. Petroli nayo haipendi kunyonywa. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, hata ikiwa imetulia ndani ya chombo kilicho wazi. Ukiinyonya unashusha presha yake, na kiwango hicho cha kuchemka kinashuka zaidi. Piga hesabu ya lami ya barabara ya Muheza saa sita mchana, joto linalopanda kutoka chini, na eksozi pembeni. Petroli inaanza kutoa povu kabla haijaingia kwenye pampu. Mapovu hayo yakifika yanapobanwa yanapasuka, pistoni inakosa kitu cha kusukuma, na kelele inabadilika, inakuwa kavu na kali. Mama yako anaisikia vizuri kuliko wewe uliyeko mbele.

Nilijifunza hili kwa gharama. Zamani, nikiwa bado kijana kwenye kazi, nilimfungia mteja pampu ya umeme ndani ya boneti, karibu na kabureta, kwa sababu ilikuwa rahisi kufika huko na waya ulikuwa mfupi. Mjini Tanga gari lilitembea bila tabu. Akapanda nalo Lushoto. Ile barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona na mlima, injini inafanya kazi kubwa huku upepo ni mdogo, na tangi liko nyuma, chini kuliko pampu. Kabla ya Soni gari likazima, pampu ikigonga kama cherehani. Alingoja kwa saa nzima pembeni mwa barabara, na watoto ndani ya gari, mpaka lipoe. Tangu siku ile sijafunga tena pampu ya umeme mbele ya gari ambalo tangi lake liko nyuma, na kila ninayemfundisha kazi namwambia kisa hiki mapema.

Basi anza hivi. Fungua kifuniko cha tangi injini ikiwa inanguruma na pampu iko kwenye kelele zake. Ukisikia tangi likivuta pumzi, fsss, na pampu ikabadilisha sauti, tundu la hewa limeziba. Tangi linalotoa mafuta bila kuingiza hewa linajikaba lenyewe. Magari mengi ya umri huu yanapata tatizo hilo baada ya kuwekewa kifuniko kisicho chake, kile kisichopumua. Dawa ni kifuniko sahihi au kuzibua njia ya hewa ya tangi, na huenda nusu ya kelele ikaisha hapo hapo bila kushika spana.

Kisha ukague njia yote kutoka tangini hadi kwenye pampu. Mpira wake usiwe mwembamba kuliko mdomo wa pampu. Kwa injini yako mimi hutumia wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8. Uwe mfupi, usiwe na kona ya kuvunjika. Usiwe ule mpira angavu wa plastiki unaouzwa kwa mita kila duka: petroli huufanya mgumu kama ukucha, unasinyaa kwenye kiungo, na kiungo kikilegea upande wa kuvuta hakidondoshi petroli, kinaingiza hewa. Ndiyo maana watu huhangaika. Wanatafuta tone chini ya gari, tone halipo, na hewa inaendelea kuingia. Nunua mpira wa petroli wenye maandishi ubavuni, SAE J30 R9 ukiupata, au R6 kwa gari la kabureta. Klipu ziwe zile za mkanda laini zinazobana mduara wote, zisiwe zile zenye meno yanayokata mpira.

Halafu filta. Mafundi wetu wengi wanaweka filta ya karatasi kabla ya pampu, wakidhani wanailinda. Karatasi ile ni ya kuchuja vumbi jembamba kabisa, na tangi lenye karibu miaka hamsini lina kutu. Miezi michache tu na pampu inanyonya kupitia shuka lililolowa. Upande wa kuvuta weka filta ya wavu, mikroni 70 hivi, ya kuzuia chembe kubwa tu. Ile ya karatasi ihamie mbele, kati ya pampu na kabureta, huko presha ya pampu itaisukuma petroli ipite.

Na pampu yenyewe ihame. Isogee nyuma, karibu na tangi kadiri unavyoweza, ikae chini ya usawa wa kitako cha tangi, mbali na eksozi, mahali ambapo jiwe la barabarani haliifikii moja kwa moja. Mdomo wa kutolea uwe juu na wa kuingizia chini, ili povu lolote lipande litoke badala ya kukaa ndani. Hii peke yake itakuondolea ule ukali wa adhuhuri na wa robo tangi.

Ukimaliza, pima presha. Geji ndogo inayofungwa kwa kiungo cha njia tatu karibu na kabureta inatosha. Kwa kabureta kama yako napenda kuona kati ya psi (kipimo cha presha) 2 na 3.5. Pampu za mchemraba zinafanana kwa sura lakini hazifanani kwa nguvu. Zipo za psi 1.5 hadi 4, na zipo za 4 hadi 7. Ukipewa hiyo ya pili, boya linashindwa kuizuia sindano isisukumwe, petroli inapita tu, injini inakunywa kupita kiasi, na pampu haipati nafasi ya kupumzika kwa sababu mlango wa mbele haufungwi kamwe. Hapo utaweka regulata ya presha, au utabadilisha pampu, na mimi ningebadilisha. Usidanganywe kwamba pampu yenye nguvu zaidi ni bora. Injini yako ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho haimalizi lita 30 kwa saa, na pampu ndogo ya mchemraba inaweza kutoa mara tatu ya hizo.

Kuna fundi atakayekushauri uchukue pampu ya ndani ya tangi ya gari la Kijapani la siku hizi, kwa kuwa "zile hazina kelele". Ni kweli hazisikiki, lakini ni kwa sababu zimezama ndani ya petroli, inayozipoza na kuzimeza sauti. Itoe nje ya tangi italia kama mbu na haitadumu. Tena hiyo imetengenezwa kwa injini zisizo na kabureta, zinazopulizia petroli kwa sindano, psi 40 na kuzidi. Kabureta yako itageuka bomba la mferejini.

Sasa ile kelele ya kwanza, ya kawaida. Kuna jaribio ambalo halihitaji chombo chochote. Gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara (sio jeki peke yake, nakusihi), legeza zile bolti mbili, iache pampu ikae kwenye mkono wako, umefunga kitambaa, isiguse chuma chochote cha gari. Kama pampu ilikuwa ikipata eathi (njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi) kwa bolti zake, iwekee waya wa muda. Mwambie mtu akae kiti cha nyuma, mwingine azungushe ufunguo. Iache igonge mkononi, kisha ibane tena kwenye bati, kisha iachie tena. Yule aliyekaa nyuma atakuambia tofauti, na nina hakika itamshangaza. Mkononi utasikia mtikisiko tu na mlio mdogo. Ukiigusisha kwenye sakafu, gari zima linaitikia.

Sababu ni ileile ya ngoma. Kijiti hakina sauti ya maana; kiwambo ndicho kinachosema. 504 saluni haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa, na fundi wako amechagua mahali pabaya kuliko pote: katikati ya bati pana, jembamba, lililowambwa kati ya mihimili. Hicho ni kiwambo, na pampu ni kijiti. Wenye Land Rover za zamani hulalamika kidogo kuhusu jambo hili, kwa sababu pampu zao hufungwa kwenye chesisi nene ambayo haiimbi kirahisi. Kwa hiyo kabla ya raba, chagua mahali. Tafuta muhimili, au kona ambapo bati limekunjwa mara mbili na kuchomewa. Bisha kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti fupi na nzito ndipo pa kufungia. Panapoitika kama debe, paache.

Kisha itundike pampu kama tunavyotundika susu jikoni, ikae hewani bila kugusa ukuta. Hapa watu wengi hukosea kwa kuchukua raba ngumu. Pampu ile ina uzito wa nusu kilo tu. Ukiiweka juu ya raba ya kubebea injini, kwa raba hiyo ni kama nzi ametua. Haibonyei hata kidogo, na raba isiyobonyea inapitisha mtikisiko kama chuma. Raba inazuia mtikisiko pale tu inapokuwa laini kiasi cha kuusikia uzito iliyoubeba. Mimi hufanya mambo mawili pamoja. Kwanza naifunga pampu kwenye kipande cha bati nene, milimita 6 hivi, chenye uzito wa kilo moja au moja na nusu, bolti zikiwa zimekazwa sawasawa. Uzito huo unaifanya pampu ishindwe kujitikisa sana, na unaipa raba kitu cha kubeba. Pili nakining'iniza kipande hicho kwa raba laini za kuning'inizia eksozi, zile za pete zenye matundu mawili, tatu au nne, za gari dogo. Zinapatikana duka lolote la vipuri pale Ngamiani, hazina bei, na zimetengenezwa kuvumilia joto na tope. Bushi ndogo za shokapu zinafaa pia kama ni laini na zimefungwa bila kubanwa mpaka zikafura.

Lakini raba nzuri kiasi gani haitakusaidia ikiwa kuna daraja la chuma mahali pengine. Bolti iliyopita katikati ya raba ikagusa pande zote mbili ni daraja. Bomba la chuma lililounganishwa moja kwa moja na mdomo wa pampu ni daraja, na ni daraja refu, linabeba kelele hadi mbele. Kwa hiyo weka mpira wa petroli kila upande wa pampu, usiopungua sentimita 20. Upande wa kutolea napenda 30, kwa sababu mpira huo pia unatanuka kidogo kwa kila kipigo na kuyalainisha mapigo ya petroli kabla hayajaingia kwenye bomba la chuma. Uache ulegee, usiukaze kama kamba ya nguo. Bomba lenyewe linakopita chini ya gari, kila klipu yake iwe na kipande cha raba ndani. Nimewahi kukuta gari ambalo pampu ilifungwa vizuri kabisa, kelele yote ikitoka kwenye klipu moja tupu karibu na miguu ya dereva.

Na hapa nikupe ujanja ninaoupenda. Waya ukiwa umechomolewa kwenye betri na waya zote mbili za pampu zikiwa wazi, chukua mita ya umeme, weka kwenye kipimo cha kupitisha, ncha moja kwenye mwili wa pampu, nyingine kwenye bodi ya gari. Raba na mipira havipitishi umeme. Mita ikilia, kuna chuma kinagusa chuma, na panapopita umeme pale ndipo kelele inapopita. Tafuta mpaka mita inyamaze.

Jambo hilohilo lina upande wa pili, na limewaangusha mafundi wazuri: ukishaiweka pampu juu ya raba, imepoteza eathi yake. Gari halitawaka, au pampu itagonga kwa unyonge kwa kuvuta eathi ya kubahatisha. Ipe waya wake wa eathi, milimita 2.5 za mraba, laini na wenye kulegea, hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani; kiungo cha eathi kilichoachwa tupu chini ya gari Raskazoni au Chumbageni hakimalizi msimu kabla hakijaota ukungu wa kijani. Kipake grisi baada ya kukaza.

Tukiwa kwenye umeme, nisipolisema hili nitakuwa nimekutendea vibaya. Pampu yako ya zamani ilizimika injini ikizimika. Hii ya umeme haijui kama injini inazunguka au gari limelala mtaroni. Mradi ufunguo uko kwenye moto, inasukuma petroli. Ifungie kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake yenyewe, na rilei hiyo ikatwe na swichi ya mgongano, ile yenye kidude kinachochomoka gari likigongwa. Swichi za mgongano zimo kwenye magari mengi yaliyokufa na ni rahisi kupata. Mwulize fundi wako kama ameweka. Kama hakuweka, hiyo itangulie kabla ya raba.

Baada ya yote hayo, kama bado kuna mlio mdogo unaopita hewani, ndipo unaweza kubandika karatasi ya lami ya kuzuia mtikisiko, ile inayouzwa tayari yenye gundi, juu ya sakafu kwa ndani, chini ya zulia, katikati ya lile bati pana. Usiifunike pampu yenyewe kwa chochote, hata kiboksi. Na kama mtu atakuambia uongeze bomba la kurudisha mafuta tangini ili kupunguza kelele, ujue kwamba kwa pampu ya kugonga litafanya kinyume: presha haitajaa, springi haitashindwa, itagonga mbio muda wote. Bomba la kurudi linazisaidia zile pampu za kuzunguka, zenye mota na vijipanga, ambazo hutoa mvumo badala ya kugonga. Hizo ni tulivu zaidi zikiwa zimefungwa vizuri, lakini haziuvumilii uchafu, na tangi la zamani lina uchafu. Kwako nisingeanza na hiyo.

Ukiniuliza ningefanya nini kama gari ni langu, ningerudisha pampu ya asili. 504 saluni ilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1968 hadi 1983, injini ile ikaendelea kutumika kwenye pikapu, na Afrika Mashariki tuliipenda sana. Hata kabla yake 404 ilikuwa imeshajijengea jina hapa, pale Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliposhinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Kwa hiyo vipuri havijapotea. Dayaframu mpya ya pampu ile, au pampu nzima, utaipata ukitafuta Dar es Salaam au Mombasa kwa kuvuka Horohoro. Ni kifaa cha bolti mbili, na kinachohitaji uangalifu ni gasketi kati yake na injini, iwe ya unene uleule wa zamani, maana ndiyo inayoamua mkono utasukumwa kiasi gani. Pampu ile haina umeme wa kuogopa na mama hataisikia. Ya umeme uliyonayo ihifadhi kwenye buti pamoja na mpira wake, iwe akiba ya safari. Ila najua kutafuta kipuri huchukua muda na kliniki ni kila mwezi, kwa hiyo fanya kwanza niliyokueleza.

Ukishamaliza, usilijaribu gari asubuhi kukiwa na ubaridi na tangi limejaa; hapo kila pampu ni nzuri. Ngoja lishuke chini ya robo, chukua kidumu cha lita tano za petroli kwa tahadhari, kiweke kwenye buti kikiwa kimefungwa kwa kukazwa, uende Pongwe na kurudi saa saba mchana. Mtu akae nyuma, kwenye kiti cha mama. Ukirudi, zima injini, ngoja dakika kumi joto lipande, kisha zungusha ufunguo bila kupiga stata, usikilize. Ikigonga mbio kwa sekunde chache halafu ikapoa, kazi imekwisha. Ikiendelea mbio bila kupoa, bado kuna hewa upande wa kuvuta au sindano ya kabureta haifungi. Vua kifuniko cha kabureta uangalie sindano na kiti chake, na uniandikie ulichokiona.